Wasichana Watatu, Hina ya Asya, na Mie na Mtungi Wangu

Jamani, aibu hii nimeificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa kuwa kila nikiingia duka la mikate pale Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, kuna mama mmoja anavuta shela mpaka puani na kumnong'oneza mwenzake "ndiye huyo", bora niwahadithie mwenyewe kuliko mkaisikia kwa wengine, maana kwa wengine imeshatiwa chumvi mpaka ati niliingia na ngazi. Ngazi sikuwa nayo. Nilikuwa na mtungi wa kuzimia moto, na huo siukatai.

Yote yalianza na Nadya. Nadya ni binti wa ami yangu, Ami Seif, aliyehamia Uingereza zamani, na mtoto kazaliwa kule kule, kasomea ufamasia akamaliza vizuri, kazi imepatikana, anasubiriwa yeye tu aende, naye kashika ngoma. Si ngoma hizi zetu, ni zile za kukaa kitini ukazipiga kwa mikono na miguu yote minne (nyinyi hesabuni mtakavyo). Wako watatu: Nadya kwenye ngoma, Beth anaimba na kupiga gitaa, na Imogen anapiga besi, na huyu Imogen nimekaa naye nyumba moja siku tisa sijamsikia akimaliza sentensi. Jina la kundi lao silitaji hapa, Mama aliniuliza maana yake nikamwambia ni jina la ua. Muziki wao wenyewe wanauita posti-panki. Nilimuuliza Nadya ndio kitu gani, akanambia, "Kulikuwa na panki, kaka Hilal, halafu hii ikaja baadae." Mie panki niliyokuwa naijua ni mtindo wa kunyoa, kwa hivyo nikatikisa kichwa kama mtu aliyefahamu, na huo ndio ugonjwa wangu mkubwa, kutikisa kichwa.

Kule kwao wanapiga kwenye vikumbi vya watu hamsini, na mwandishi mmoja aliwahi kuwaandika gazetini mistari minne, na kile kipande cha gazeti Beth anatembea nacho ndani ya pasipoti. Wanachotaka ni kujulikana zaidi, basi. Na Nadya ndiye aliyekuwa amebanwa, kwa sababu Ami Seif alikwisha kumwambia neno la mwisho: "Nimekupa mpaka safari hii ya Maskati. Ukirudi na bado hakuna anayekujua, weka hizo fimbo chini, uvae koti jeupe." Na Ami Seif akisema neno halirudi, hata marehemu baba yangu alikuwa akimwogopa, na baba ndiye mkubwa wake.

Mpango wao ulikuwa kupiga kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ambako angekuja Bi Thuraya. Bi Thuraya ni mama mmoja anayeandaa zile jioni za muziki za msimu wa baridi, yeye ndiye anayechagua nani apande jukwaani, akikukubali Maskati yote inakujua na Dubai wanakupigia simu. Basi Jumatatu asubuhi mgahawa ukatupigia, ati mashine za baridi zimekufa na fundi hapatikani mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo hawa wana ndege. Nadya akalia garini mwangu kimya kimya, akitazama dirishani, na mie niliumia kweli, maana huyu mtoto, walipokuwa wakija likizo, nimempeleka pwani akiwa hajui kuvaa kandambili.

Mchana ule ule Mama kaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwamba yule bibi wa taarabu tuliyemtegemea kwenye hina ya dada yangu Asya sauti imemkauka, haitoki hata ya kuitikia salamu, "nani anajua kundi la wanawake tupu, Alkhamisi baada ya alasiri?" Hina kwetu ni ya wanawake, mwanamume hatii mguu, awe mpiga kinanda awe nani, na kupata kundi la wanawake tupu ndani ya siku tatu si mchezo. Na Bi Thuraya ni rafiki wa Mama, alikuwa kaalikwa. Mie niko ofisini (nafanya kazi ya bima, kutwa nawaambia watu wasome vizuri kabla ya kutia saini), nikaziunganisha khabari mbili hizi, nikajiona nna akili ajabu, nikaandika maneno mawili tu: "Mie nnalo."

Haikupita dakika, Mama huyo kwenye simu.

"Wanawake tupu?"

"Wanawake tupu, Mama."

"Wanajua taarabu?"

"Wanajua muziki."

"Sikukuuliza hilo, Hilal."

"Nadya yumo, Mama."

Aliposikia jina la Nadya akatulia, akasema basi kheri, na mie nikarudi kwenye kazi zangu nikipiga mluzi, wakati huo nikiwa sijawahi kuusikia muziki wao hata mara moja. Hata mara moja, wallahi.

Niliusikia Jumatano, walipofanya mazoezi kwenye banda letu la gari kwa ngoma za kuazima. Yarabi toba! Gitaa linakwaruza kama kabati linaburutwa juu ya vigae, besi inarudia neno lile lile moja kama mtu aliyesahau alichotumwa, na Beth haimbi, analalamika, kisha anapiga ukelele mmoja mrefu ghafla, kisha kimya, kisha wanaanza tena pale pale. Nikasubiri kwa adabu. Mwisho nikamuuliza Nadya, "Sasa mnaanza saa ngapi?" Akanambia huo ulikuwa wimbo wa tatu.

Usiku ule sikupata usingizi, namwona Mama, nawaona mabibi wa ukoo na mapambo yao wamekaa safu ya mbele wakisubiri kinanda na ushairi wa mapenzi, anaibuka Beth. Kusema ukweli nikashindwa. Kumwambia Mama, nani atapatikana tena? Kumwambia Nadya asipige mbele ya Bi Thuraya, si ndio nimemvisha koti jeupe kwa mkono wangu? Nikanyamaza. Nikatikisa kichwa.

Alkhamisi ikafika. Mie na mafundi wa ukumbi tukawafungia spika mapema, wanawake walipoanza kuja tukafukuzwa, na mlangoni akawekwa kitini Bi Zamzam, jirani yetu, na kapu kubwa la kukusanyia simu, maana kwenye hina watu wamevua mabuibui yao, wamejipamba, hakuna anayetaka picha yake izagae mjini. Hata simu ya bibi harusi iliingia kapuni. Mie kazi yangu ilikwisha pale, mtu mwenye akili angekwenda zake nyumbani. Nikabaki kwenye maegesho, ndani ya gari, baridi imewashwa, nikitazama mlango.

Robo saa ya kwanza, kimya. Kisha nikaanza kuisikia ile besi, inapita ukutani inakuja mpaka kwenye usukani. Nikasoma dua ninazozijua. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja mbio kajitupia buibui upande, viatu kashika mkononi, akaenda garini kwake, akarudi mbio vile vile. Nikashusha kioo, "Dada, kuna nini ndani?" Akasema "Usiniulize!" akapotea. Haya. Dakika mbili baadae akatoka binti, wanja umemtiririka mpaka kidevuni, kashika mbavu, anavuta pumzi, karudi ndani. Nikajiuliza huyu analia au kavuta moshi? Nikampigia Nadya, nikakumbuka kapu. Nikampigia Mama, kapu. Nikampigia Asya, ati na yeye nimempigia, kapu lote la Bi Zamzam nikalipigia moja moja, hakuna anayepokea.

Kisha akachomoza mtu kichwa kwenye mlango wa jikoni, akawapigia kelele wahudumu: "Maji! Leteni maji! Mengi!" Na ndani ukelele. Si mmoja, watu wote kwa pamoja. Kisha kila kitu kikakatika, ngoma, gitaa, watu, kimya kabisa, kimya cha umeme kukatika, na ndani ya kimya kile sauti moja tu ya mwanamke inapiga yowe refu lisilokwisha.

Nyinyi mngefanya nini? Semeni kweli. Mie nilishuka garini sijavaa viatu vizuri. Nikaingia koridoni, kiti cha Bi Zamzam kitupu, kapu liko peke yake, nikasema khalas, ni moto, hata mlinzi kakimbia, dada yangu anaungua na hina mikononi. Ukutani pana mtungi mwekundu. Ofisini tumefundishwa kuutumia, kwanza unachomoa pini, na mie ni mwanafunzi mzuri, nikaichomoa pini hapo hapo koridoni, nikakumbatia mtungi, nikausukuma mlango kwa bega nikipiga kelele "Tokeni! Tokeni nje!" Kanzu ikanasa kwenye kitasa. Nikayumba. Mkono ukabana kishikio.

Moto haukuwapo. Palikuwa na wanawake zaidi ya mia, na wingu jeupe, na mie katikati ya wingu. Mayowe niliyoyasikia wakati ule, ndugu zangu, ndiyo yalikuwa mayowe kweli, yale ya mwanzo yalikuwa mzaha. Wakakimbilia mabuibui, waliokosa wakajifunika vitambaa vya meza, bibi mmoja kajikinga uso kwa sinia la halua, na Asya masikini, mikono yake yote miwili imepakwa hina mbichi, kaisahau, kajifunika uso kwayo. Hina ya kwetu haina masihara, aliolewa na vidole vinne vyekundu kila shavu. Na Bi Thuraya, aliyekuwa safu ya mbele kabisa, wingu lilimwangukia yeye zaidi kuliko mtu mwengine yeyote, kawa mweupe kuanzia nywele mpaka nyusi, kasimama anakohoa. Nani aliyenitoa nje sijui. Nafikiri ni Bi Zamzam, kwa kapu.

Khabari kamili nilizipata jioni, na kila nilichoelezwa kilinichanganya zaidi. Yule wa viatu mkononi alitoka kumwita mama yake aliyekuwa amejipumzisha garini, ati "njoo uone mambo!" Yule wa wanja alikuwa akicheka. Maji yaliitwa kwa sababu watu wamecheza mpaka koo zimekauka. Bi Zamzam hakukimbia, alikwenda kucheza. Na ule ukelele wa Beth wa kwenye kimya, Nadya ananambia, ndiyo sehemu nzuri ya wimbo kuliko zote, na wanawake walimtaka aurudie, ilikuwa mara ya tatu. Walikuwa wakienda kumtunza, kwa mwendo ule ule wa taarabu, wa kujivuta, noti juu mkononi, na Beth mwanzo akadhani wanamlipa anyamaze. Nikasema, "Nadya, walipenda? Ile ile ya kwenye banda la gari?" Akanitazama kwa jicho moja, jengine lina unga wa mtungi.

Mama hakunitazama kabisa. Alikaa upande mmoja wa sebule na mie upande mwengine, akamwambia ukuta, "Huyu aliingia kwenye hina ya dadake. Watoto wa watu wamevua nguo zao za nje, akaingia." Nami kwa kutaka kujiokoa nikasema, "Mama, nilifumba macho. Toka mlangoni. Sikuona kitu." (Sikuapa. Nilikuwa mwangalifu nisiape.) Mama akauambia ukuta, "Kafumba macho, akamlenga Bi Thuraya sawasawa." Lakini maneno yale yakapita, yakasambazwa kwa simu nyumba kwa nyumba, kwamba mtoto wa watu aliingia kwa khofu ya moto na macho alifumba, na wanawake wakapoa kidogo. Heshima yangu yote iliyobaki Maskati ilikuwa imeegemea hapo.

Bi Thuraya peke yake hakupoa. Alimtumia Mama ujumbe, kwa adabu kubwa, kwamba wasichana ni wazuri, lakini yeye na nyumba yetu basi. Nadya aliusoma, akamrudishia Mama simu, akaenda kuzifunga fimbo zake kwenye taulo. Nikamfuata chumbani nikasema samahani. Akasema, "Hakuna hata picha moja, kaka. Hata moja. Baba atasema niliota." Na kweli, simu zote zilikuwa kapuni. Watu zaidi ya mia waliwajua, na kitu cha kuonyesha hakuna, na aliyekata wimbo katikati ni mie. Sikumbuki kuona haya vile maisha yangu, hata nikiuhesabu ule mtungi.

Ijumaa baada ya chakula Ami Seif akapiga, kama kawaida yake ya kila Ijumaa, na simu ikawekwa sauti ya juu katikati ya sebule, tumekaa wote, Mama, Asya na mashavu yake, mashangazi wawili waliokuja kumpa pole, Bi Zamzam, na wale wasichana watatu wamejibana kwenye kochi moja. Baada ya salamu ndefu akasema, "Ehe, Nadya. Nani anakujua huko?"

"Baba, walisimama wote. Wakaomba wimbo urudiwe mara tatu."

"Wote nani? Nitumie nione."

"Simu zilichukuliwa mlangoni, Baba. Ilikuwa hina."

Ami Seif akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua. Mama akaingilia, "Shemeji, mie nilikuwapo, wallahi walipendeza." Akamjibu, "Shemeji, wewe una huruma, paka akikulilia mlangoni utasema kaimba." Bi Zamzam akasema na yeye alicheza. Ami akamuuliza kwa upole kama kuna harusi aliyokwenda asicheze. Nikamwona Nadya anayatazama magoti yake. Kisha Ami akasema, "Hilal yupo hapo? Hilal hapendi kelele, na hajui kumpaka mtu mafuta. Hilal, wewe umewasikia hawa. Nambie mie nimwachie mtoto wangu apoteze maisha yake kwenye hili? Umeona mtu yeyote aliyewapenda, kwa macho yako?"

Kwa macho yangu. Mama kwa mara ya kwanza tangu jana akageuza uso akanitazama. Mashangazi wakanitazama. Nilijua nikisema sikuona, mambo yanakwisha hapo, chai italetwa, na Nadya atapanda ndege akavae koti. Nilitafuta njia ya katikati, wallahi niliitafuta, haikuwapo.

"Ami," nikasema, "nilifumbua."

"Ulifumbua nini?"

"Macho. Niliingia ndani ya ukumbi wa wanawake, kwa kosa, na macho yalikuwa wazi."

Shangazi mmoja akasema "Astaghfirullah" akavuta shela. Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia kabla ya wingu niliona mara moja tu, ngoma ndiyo kwanza zimeanza tena baada ya ule ukelele, lakini niliona. Walikuwa wamesimama wote, hakuna aliyekaa. Viti vimesukumwa ukutani. Mabibi wa safu ya mbele hawana viatu, wamefanya duara, wanapiga makofi, makofi yetu ya kizamani kabisa, na yameingia kwenye ule muziki wa kukwaruza kana kwamba yalikuwa yakisubiriwa. Yule mwimbaji Mzungu uso umemwiva, noti zimechomekwa kwenye nywele nzima. "Na mwanao, Ami, nilimwona mwanao. Mikono ya nguo kaikunja, jasho linamtoka, anawatazama wale mabibi anawafuata na ngoma, anacheka. Mie namjua Nadya tangu hajui kusema. Uso ule sijapata kumwona nao. Muziki wenyewe mpaka leo siufahamu, usiniulize. Lakini wakimjua, Ami. Walikuwa wakimjua, mie ndiye niliyewakatiza."

Asya akainama kuangalia kama simu imekatika. Kisha Ami Seif akatoa sauti kidogo, kikohozi si kikohozi, akasema, "Nadya. Mkirudi, mnapiga lini tena?"

"Mwezi ujao, Baba. Leeds."

"Ntakuja."

Nadya alikuwa kafunika mdomo kwa mikono miwili, na Imogen, yule asiyesema, akamshika bega akamuuliza kuna nini, na Nadya akamwambia kwa Kiingereza, pole pole, kwamba ana miaka mitano anapiga ngoma na baba yake hajapata kuja hata siku moja.

Mama akaizima simu. Akainuka, akalikunja shela lake vizuri, akanambia mie, si ukuta: "Kumbe yalikuwa wazi." Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Basi kavae kanzu safi, unakwenda kuwaomba radhi, nyumba moja moja, unasimama nje ya mlango, na safari hii unafumba kweli." Nikaenda. Siku nne nilikwenda, Khuwair, Madinat Sultan Qaboos, mpaka kwa jamaa zetu kule Maskati yenyewe, ule mji wa kale, nimesimama uani juani natazama vidole vyangu vya miguu, nikiomba samahani kwa mapazia. Wengi walinisamehe. Mmoja aliniuliza kutoka ndani kama wale wasichana watarudi kwa harusi ya mwanawe. Kwa Bi Thuraya nilikwenda mara mbili, mlango haukufunguliwa, na sidhani kama utafunguliwa.

Kwa hivyo mie naapa, na safari hii naapa kwa dhati: ukumbi wa wanawake ukipiga kelele hata paa likiruka, nitakaa ndani ya gari langu na kioo nitakipandisha, na mtu akiniuliza kwenye WhatsApp nani anajua kitu gani, mie sijui, sinalo, na sikuona.